Simba Jike wa Isiolo: Uhakiki wa Born Free katika Kitabu na katika Sinema

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulinganisha kitabu cha Joy Adamson kiitwacho Born Free, kilichochapishwa London mwaka 1960, na sinema ya jina hilohilo iliyoongozwa na James Hill na kutolewa mwaka 1966. Kazi zote mbili zinasimulia habari za Elsa, simba jike aliyelelewa na binadamu huko Isiolo, kisha akafundishwa kuwinda na kurudishwa porini. Kitabu kilipendwa na wasomaji wa mataifa mengi, na sinema ikapata tuzo mbili za Oscar, moja kwa ajili ya muziki wa John Barry na nyingine kwa ajili ya wimbo wake.

Wahakiki wengi wanapolinganisha kitabu na sinema huhesabu yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hutoa hukumu. Njia hiyo haitoshi. Sinema ya saa moja na nusu haina budi kuacha mengi. Linalotupasa kuuliza ni hili: kilichoachwa kilikuwa kinabeba nini? Tutajaribu kuonyesha kwamba sinema hii imepunguza mambo mawili, yaani mahali na lawama, na kwamba kwa kufanya hivyo imeugeuza uhuru kuwa kitu kisicho na gharama.

Kisa cha kweli kinachosomwa kama hekaya

Msomaji wa Kiswahili amezoea wanyama katika fasihi. Katika ngano zetu simba ni mwenye nguvu anayeshindwa na akili za sungura, na katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert tunawakuta binadamu waliogeuzwa manyani. Hatuulizi kama mambo hayo yalitukia, kwa sababu msimulizi ametuonya tangu mwanzo kwamba tumeingia katika ulimwengu wa ajabu.

Born Free haitoi onyo hilo. Ni kumbukumbu, na picha nyingi zimetiwa ndani ili kuthibitisha kila dai. Hata hivyo muundo wake ni wa hekaya. Yatima anaokolewa, analelewa katika nyumba isiyo ya kabila lake, anavuka majaribu, na mwisho anarudi kwa watu wake. Hata mlezi wa ajabu yumo: Pati-Pati, pimbi aliyewatunza watoto wa simba kama yaya. Ndiyo sababu kitabu kimependwa kwa namna ambayo ripoti ya afisa wa wanyamapori haiwezi kupendwa.

Lakini kumbukumbu hii ina nafsi moja tu inayosema. Joy Adamson ni shahidi, mlezi na hakimu kwa wakati mmoja. Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Sinema ilikuwa na nafasi ya kusahihisha jambo hili, kwa kuwa kamera humtazama hata msimulizi mwenyewe kutoka nje. Mchezaji Virginia McKenna anatuonyesha mwanamke mkaidi, mwenye mapenzi yanayomzidi nguvu, na katika hili sinema imepiga hatua mbele ya kitabu. Vilevile imefaulu pale Elsa anapofundishwa kuwinda. Kitabu kinatueleza kwamba simba aliyefugwa hajui kuua. Sinema inatuonyesha kutojua kwake katika mwili wake, bila maneno, na mtazamaji anaelewa kuwa silika peke yake haitoshi.

Mandhari

Katika kitabu mandhari ni sehemu ya hoja. Isiolo ilikuwa makao ya George Adamson, afisa mkuu wa wanyamapori katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Ni mlango wa nchi kavu: upande wa kusini Mlima Kenya, upande wa kaskazini mawe, migunga, na mikoche kando ya Ewaso Nyiro. Elsa anasafiri na punda kwa miguu hadi Ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Ziwa Turkana. Anapelekwa pia pwani. Mahali pa kwanza palipochaguliwa kumwachia palimletea maradhi, ikalazimu atafutiwe pengine, huko Meru. Hivyo kitabu kinatufunza kwamba pori si moja, na simba wa nchi kavu hawezi kutupwa popote akaishi.

Sinema ilipigwa karibu na Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, katika nchi yenye majani na baridi. Tunakubali kuwa watengenezaji walikuwa na sababu za kikazi. Lakini matokeo yake kisanaa ni makubwa. Nchi inayoonekana ni nzuri, pana, na haina jina. Shaaban Robert alitubunia Kusadikika, nchi iliyo angani, naye alikusudia tuitafute chini, katika jamii yetu. Sinema hii imefanya kinyume: imeichukua nchi iliyo chini, yenye wenyewe, na kuipeleka angani.

Ifahamike kwamba nchi hiyo haikuwa tupu. Tangu mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilikuwa imeifunga, na mtu alihitaji kibali kuingia au kutoka. Baada ya Uhuru vikaja vita vilivyoitwa vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, huko Garba Tulla, Merti na Modogashe, wakazuiwa kuhama na mifugo yao, na mifugo mingi ikapotea. Waboran wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Gaafa Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo ulimwengu ulikuwa ukiimba juu ya simba wa Isiolo aliyezaliwa huru, mfugaji wa Isiolo alikuwa haruhusiwi kumfuata ngamia wake malishoni. Hatusemi kwamba James Hill alipaswa kutengeneza sinema ya vita. Tunasema kwamba mahali palipoondolewa jina hapawezi kumkumbusha mtazamaji lolote.

Wahusika na mgogoro

Kisa kizima kinaanza na mauti ya binadamu. Kitabuni ni mtu wa Kiboran aliyeuawa na simba mla watu, na George anatoka kumwinda simba huyo. Katika msako huo anampiga risasi mama yake Elsa, aliyemrukia kwa kuwa alikuwa na watoto. Katika sinema aliyeuawa ni mwanamke anayefua nguo mtoni. Badiliko hili si dogo. Mboran ana kabila, na kwa hiyo ana mahali na jamaa. Yule mwanamke ni mwili tu mbele ya kamera. Hata hivyo kitabu nacho hakistahili sifa nyingi hapa, kwa maana baada ya kurasa za mwanzo marehemu harudi tena. Huzuni yote inayofuata ni kwa ajili ya simba.

Nuru na Makedde, waliofanya kazi ya kila siku ya kumlinda Elsa, wamo katika kazi zote mbili. Katika sinema wanachezwa na Peter Lukoye na Omar Chambati. Lakini hakuna mahali popote wanapoulizwa wanaonaje juu ya simba aliyelala kitandani.

Badiliko kubwa zaidi ni la mgogoro. Kitabuni hakuna adui. Akina Adamson wenyewe walikuwa wamekwisha kuwapeleka dada wawili wa Elsa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, na walikuwa wakifikiria kumpeleka Elsa huko pia. Mgogoro umo ndani ya dhamiri yao: wamemnyima simba ujuzi wa kuishi, sasa wafanyeje? Sinema imemleta Kendall, mkubwa wa idara, anayetoa muda wa miezi mitatu na kutaka Elsa apelekwe bustanini. Msuko unapata kasi, bila shaka. Lakini lawama imehama kutoka kwa walezi na kumwangukia afisa mmoja mkali. Tunasahauliwa kwamba George naye ni afisa, na kwamba bunduki iliyomwacha Elsa yatima ilikuwa ya serikali na mkononi mwake.

Mwisho wa hadithi

Sinema inamalizikia kwa Elsa kurudi na watoto watatu kuwaonyesha walezi wake. Habari za watoto hao zinasimuliwa kwa kirefu katika kitabu cha pili, Living Free, cha mwaka 1961. Elsa alikufa Januari 1961 kwa maradhi ya kupe. Sinema ilipotoka alikuwa amelala kaburini Meru kwa miaka mitano. Kitabu cha kwanza kiliandikwa simba angali hai, na mwisho wake haukujua yajayo. Sinema ilijua, ikanyamaza.

Simba wengi waliotumika katika sinema hiyo walipelekwa katika bustani za wanyama baada ya kazi kwisha. Wachache, kama Boy, Girl na Ugas, walipewa George, akawarudisha porini huko Meru. Kazi iliyoilaani bustani ya wanyama iliijaza kwa wachezaji wake yenyewe. Virginia McKenna na mumewe Bill Travers, aliyecheza kama George, walilitafakari jambo hili, na mwaka 1984 wakaanzisha chama cha kupinga ufungaji wa wanyama.

Hitimisho

Tumeona kwamba sinema ya Born Free imekishinda kitabu katika kuuonyesha mwili wa mnyama na katika kumtazama msimulizi kutoka nje. Imeshindwa na kitabu katika mahali na katika dhamiri. Kitabu chenyewe, pamoja na uzuri wake, kinamsahau mtu aliyekufa ukurasani mwanzo. Joy Adamson aliuawa Januari 1980 katika hifadhi ya Shaba, hukohuko Isiolo, na George akauawa Kora mwaka 1989. Wote wawili waliishi na kufa katika nchi yenye watu, ambao vitabu vyao viliwapa nafasi ndogo.

Kisa hiki bado kinamngoja msanii wa tatu. Na aanzie kwa jamaa za yule Mboran, katika siku ya matanga, wanaposikia kwamba simba ameuawa na kwamba watoto wake wamechukuliwa kwenda kunyweshwa maziwa nyumbani kwa bwana wanyama.