Bomu Lililotegwa Nchi Moja Likalipukia Nyingine

Hadithi nyingi za upelelezi huanza na maiti na kuuliza nani kaua. Touch of Evil, filamu ya Orson Welles iliyotoka mwaka 1958, inatanguliza swali jingine: kesi hii ni ya nani? Bomu linategwa kwenye buti ya gari upande wa Meksiko. Gari linavuka mpaka na kulipuka upande wa Marekani, na tajiri Rudy Linnekar anafia humo pamoja na mwanamke aliyempakia. Jinai ni moja, lakini imeanzia nchi moja na kutimia nyingine. Karibu kila kinachofuata kinatoka kwenye ufa huo. Watu huisifu filamu hii kwa kamera yake, lakini kamera ilikuja baadaye. Ufa ulianza kuchimbwa kwenye maandishi.

Chanzo chake ni riwaya iitwayo Badge of Evil, iliyotoka mwaka 1956 kwa jina la Whit Masterson, jina la kalamu la waandishi wawili, Robert Wade na Bill Miller. Shujaa wa riwaya ni Mitch Holt, mwendesha mashtaka wa Kimarekani mwenye mke wa Kimeksiko. Holt anagundua kwamba mpelelezi anayetukuzwa na mji wake amezoea kupandikiza ushahidi. Ni kisa cha uozo wa ndani: mshitaki, mshitakiwa na mahakama, wote wako chini ya serikali moja.

Paul Monash aliandika mswada wa kwanza wa filamu, kisha Welles akauandika upya na kugeuza ndoa ile kichwa chini miguu juu. Mume akawa Mmeksiko, Mike Vargas, afisa wa kupambana na dawa za kulevya, na mke, Susan, akawa Mmarekani. Kisa kikahamishiwa Los Robles, mji wa kubuni ulioko mpakani kabisa.

Badiliko hilo linaonekana dogo, ila ndilo lililofanya kazi kubwa. Holt wa riwaya ana ofisi na madaraka. Akishuku jambo anaweza kulifuatilia kisheria. Vargas ni mgeni. Akishavuka mpaka hana haki ya kumhoji mtu yeyote, na Kapteni Hank Quinlan wa polisi wa upande wa Marekani, anayechezwa na Welles mwenyewe, anahakikisha halisahau hilo. Hata hivyo Vargas hawezi kuondoka. Bomu limetoka kwao, na anajua lawama itamwangukia nani. Kila hatua yake inahitaji ruhusa, kisingizio au ujanja. Waandishi wa upelelezi huhangaika kutafuta kizuizi cha kumchelewesha shujaa. Hapa kizuizi kimekuja na ramani.

Dosari moja haifichiki. Vargas anachezwa na Charlton Heston, Mmarekani aliyepakwa vipodozi ili aonekane Mmeksiko. Filamu inayohoji dharau ya taifa moja kwa jingine haikumpa mwigizaji wa Kimeksiko nafasi yake kubwa kuliko zote.

Tuje kwenye shoti ya ufunguzi, ile inayofundishwa vyuoni. Ina urefu wa takriban dakika 3 na sekunde 20, na haijakatwa hata mara moja. Haikupigwa mpakani. Ilipigwa Venice, kitongoji cha California kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuiga mji wa Italia, chenye matao na mifereji, na ambacho kufikia mwaka 1957 kilikuwa kimechakaa na kuzungukwa na visima vya mafuta. Mpiga picha mkuu alikuwa Russell Metty, na kamera ilibebwa na kreni iliyoweza kupanda, kushuka na kusafiri.

Tunaona mikono ikizungusha saa ya bomu. Mtu anakimbia, analitia kwenye buti ya gari la wazi, anatoweka. Linnekar na mwanamke wake wanafika bila habari yoyote na kuondoka. Kamera inapanda juu ya mapaa, inalipokea gari mtaani na kurudi kinyumenyume mbele yake. Hapo Vargas na Susan wanaingia kwenye picha kwa miguu, uelekeo ule ule. Msongamano unalizuia gari, wao wanapita. Gari linawafikia, kundi la mbuzi linakatiza. Mwishowe wote wanajikuta pamoja kwenye kituo cha mpaka.

Kwa nini Welles hakukata? Mtazamaji yeyote, hata asiyejua lugha ya studio, anahisi kwamba picha ikikatwa muda unaweza kurefushwa au kufupishwa. Isipokatwa, saa ya bomu na saa ya mtazamaji zinakwenda pamoja. Ndiyo maana mbuzi wanatisha. Ndiyo maana afisa wa forodha anayemtambua Vargas na kutaka kumpongeza kwa kazi yake dhidi ya genge la Grandi anatutia jasho. Usumbufu wa kawaida wa mpakani, yaani foleni, salamu na maswali, umegeuzwa kuwa taharuki bila kuongezewa chochote. Mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani mwake, na hakuna anayemsikiliza. Kituo kilichowekwa ili kukagua kinachopita kinaliruhusu bomu lipite.

Heston alisimulia baadaye kwamba walirudia shoti hiyo usiku kucha, na mwigizaji wa afisa wa forodha alikuwa akikosea maneno kila walipokaribia kumaliza. Welles alimwambia achezeshe midomo tu, sauti ingebandikwa baadaye. Gari linaondoka, Vargas na mkewe wanakaribiana kubusiana, mlipuko unasikika. Mkato wa kwanza wa filamu unakuja wakati huo huo, jinai inapotimia na mzozo wa mamlaka unapoanza.

Lakini watazamaji wa mwaka 1958 hawakuiona shoti hiyo kama Welles alivyoitaka. Studio ya Universal ilimwondoa kwenye uhariri na kumpa Harry Keller kazi ya kupiga vipande vya nyongeza. Welles alipoonyeshwa toleo la studio aliandika waraka wa kurasa 58, mwezi Desemba 1957, akieleza kipande kwa kipande nini kirekebishwe. Mengi hayakufuatwa. Mwaka 1998 mhariri Walter Murch na mtayarishaji Rick Schmidlin waliihariri filamu upya kwa kuufuata waraka huo, na ukilinganisha matoleo mawili unaona wazi sauti inaweza kufanya nini.

Toleo la kwanza liliweka majina ya waigizaji juu ya shoti ya ufunguzi na kuifunika yote kwa muziki wa Henry Mancini. Ni muziki mzuri, ila unakwenda mfululizo mwanzo hadi mwisho, na kwa hiyo unaufanya mtaa wote kuwa mahali pamoja. Welles alitaka kila mlango wa baa utoe muziki wake, upigwe kwa spika duni na kurekodiwa tena nje ili uwe na mwangwi wa uchochoro, na gari liwe na redio yake. Murch aliondoa majina, akaondoa muziki wa Mancini na kuzipanga sauti za mtaa kama waraka ulivyoagiza. Sasa gari likitoka nje ya picha, redio yake inatuambia bomu limefika wapi. Masikio yanalinda kile ambacho macho yamekipoteza.

Jambo la pili ambalo waraka ulilisisitiza ni mpangilio wa matukio baada ya mlipuko. Vargas anabaki kwenye moto na Quinlan. Susan anavutwa na kijana mmoja hadi kwa Joe Grandi wa genge lile. Studio iliacha kila upande uende kwa kirefu. Welles alitaka visa viwili vifumwe, kidogo huku, kidogo kule, ili tusimsahau mke wakati mume akibishana kuhusu sheria. Ufumaji huo unafanya mpaka uhisiwe ndani ya ndoa. Baadaye Susan anapelekwa kwenye moteli ya upande wa Marekani akiamini huko ndiko kwenye usalama. Moteli ni mali ya akina Grandi, ambao biashara yao haijali mpaka, na vijana wao wanamvamia humo. Anayeteseka kwa kuuamini mpaka ni yule aliyedhani unamlinda.

Kwa upande wa upelelezi wenyewe, fundo la kisa ni boksi la viatu. Polisi wanapopekua nyumba ya mshukiwa wao, Sanchez, kijana wa Kimeksiko anayefanya kazi kwenye duka la viatu, Vargas anaingia bafuni na kuliangusha boksi kwa bahati mbaya. Ni tupu. Dakika chache baadaye Sajini Menzies, msaidizi wa Quinlan, anatangaza kuwa amekuta baruti ndani ya boksi hilo hilo. Welles aliipiga sehemu hii kwa shoti ndefu katika vyumba vidogo vilivyojaa watu, kwa hiyo mtazamaji ni shahidi sawa na Vargas. Hajafichwa kitu, wala hajadokezwa kwa picha ya karibu. Anajua Sanchez kabambikiwa kesi, na anajua pia kwamba shahidi pekee ni mgeni ambaye neno lake halina uzito nchini humo.

Ndiyo maana ushahidi wa mwisho unapaswa kutoka kinywani mwa Quinlan. Menzies anavaa kipaza sauti na kutembea naye, huku Vargas akiwafuata na kinasa sauti chenye uwezo wa kupokea kwa umbali mfupi tu. Anapanda mitambo ya mafuta, anapita majini chini ya daraja, hawezi kubaki nyuma. Mwangwi wa kinasa sauti ndio unaomshtua Quinlan. Risasi zinafuata, na Menzies na bosi wake wanauana.

Kisha inakuja habari kwamba Sanchez amekiri. Quinlan alimkamata mhalifu wa kweli. Mwandishi mwoga angemfanya mshukiwa awe safi ili hukumu dhidi ya polisi iwe rahisi. Welles alichagua ugumu: mpelelezi aliyepatia jibu lakini akaharibu njia ya kulifikia. Kwenye mji wa kawaida wakubwa wangelinyamazia kosa hilo, maana mhalifu amepatikana. Mpakani kuna jirani anayetazama, na ushahidi ambao jirani huyo hawezi kuuamini haumalizi kesi. Mwandishi anayetaka kuweka kisa chake mpakani achague kwanza jinai isiyoweza kuthibitishwa na upande mmoja peke yake. Asipofanya hivyo, hadithi yake ingeweza kutokea mji wowote.