Rwanda Ndani ya Mabano

Kumbukumbu rasmi za Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa huandikwa vilevile miaka nenda miaka rudi: jina la msemaji, nchi yake ndani ya mabano, halafu maneno yake. Zisome za 17 Mei 1994. Anayesema ni Jérôme Bicamumpaka, waziri wa mambo ya nje wa serikali ya muda iliyokuwepo wakati wa mauaji ya kimbari, na mbele ya jina lake mabano: Rwanda. (Mahakama ya Arusha, iliyoundwa baadaye kuhukumu mauaji hayo, ilimwachia huru mwaka 2011.) Hotuba yake inabishana na kulaumu. Mabano hayabishani na mtu, ndiyo maana yana nguvu kuishinda.

Mwaka huo Rwanda ilikuwa mjumbe wa Baraza, na kiti ni cha nchi. Siku hiyo sehemu ya azimio 918 la Baraza iliyopiga marufuku kuiuzia Rwanda silaha ikapita kwa kura 14 kwa 1, na hiyo moja ya kupinga ikaingia kitabuni kuwa ya Rwanda. Watutsi waliokuwa wakichinjwa, sasa wiki ya sita, nao walikuwa Rwanda, ila ukurasa haukuwatengea mabano yao.

Tusiseme kanuni ziliwafunga wajumbe mikono. Kanuni ya 17 ya Baraza inaruhusu mjumbe kupingwa hati zake za utambulisho. Inachosema ni kwamba ataendelea kukaa mpaka Baraza liamue. Mlango ulikuwepo, umerudishiwa tu. Paris nako, 27 Aprili, Bicamumpaka na mwenzake Jean-Bosco Barayagwiza walipokewa na mawaziri wa Ufaransa, na huko hakukuwa na kiti cha kusingizia: mwenyeji huchagua mgeni wake.

Serikali yenyewe wakati huo ilikuwa mbioni. Kigali, Gitarama, kisha mwezi Juni Gisenyi, kwenye mahoteli ya ufukwe wa Kivu, Goma, ng'ambo ya mpaka, ikiwa mwendo wa miguu. Mawaziri wapo, mihuri ipo, kiti New York kipo. Nchi ndiyo iliyokuwa ikiwaponyoka. Katikati ya Julai wakavuka mpaka kuingia Zaire, na tarehe 19 serikali nyingine ikaapishwa Kigali.

Tarehe 8 Novemba Baraza likapiga kura ya kuunda mahakama ya mauaji ya kimbari, ile ya Arusha. Manzi Bakuramutsa, balozi wa serikali mpya, mabano, Rwanda: akapinga, kwa sababu, pamoja na mengine, mahakama ingehukumu makosa ya mwaka 1994 peke yake, na maandalizi ya mauaji yalianza kabla. Anayehesabu kura tu ataona nchi moja kaidi iliyosema hapana mara mbili.

Jean Kambanda, waziri mkuu wa ile serikali ya Gisenyi, alikiri makosa mbele ya mahakama hiyo ya Arusha mwaka 1998. Katika maungamo yake alikubali kwamba alikuwa na mamlaka ya kisheria juu ya mawaziri wake, na mamlaka hayo yakawa sehemu ya hatia yake.