Anguko Lisilofika Chini

Leo sina riwaya mkononi wala diwani. Nina muziki uliotengenezwa kwa namba tupu, na nataka tuupime kwa mizani ile ile tuliyofundishwa sekondari: fani na maudhui.

Kazi yenyewe inaitwa Computer Suite from Little Boy. Mtunzi wake ni Mfaransa Jean-Claude Risset, aliyeitunga mwaka 1968 katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani. Little Boy, yaani kivulana, ndilo jina walilolipa bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Jina la mtoto kwa kitu kama kile! Muziki huu ulitokana na tamthilia ya Pierre Halet inayomhusu rubani wa ndege ya upelelezi. Vita vimekwisha, lakini jinamizi la bomu halimwachi, hata anafika mahali pa kujiona yeye mwenyewe ndiye bomu.

Tuanze na fani. Humu hakuna ala iliyopigwa wala maikrofoni iliyotegwa. Ni njia aliyoifungua Max Mathews hapo hapo Bell, ambaye programu yake ya kwanza ya muziki ilitoa sauti mwaka 1957. Unaiambia kompyuta: nipe mlio wa mitetemo 440 kwa sekunde, wa nguvu kiasi fulani, kwa muda fulani. Inapiga hesabu na kutoa mlolongo wa namba, maelfu kwa kila sekunde. Namba zinageuzwa umeme, umeme unatikisa spika, basi, umesikia.

Sasa sikiliza sehemu ya pili, iitwayo Fall, anguko. Sauti inashuka. Inashuka tena. Unasubiri ifike chini upumue, wapi! Mara ya kwanza niliivua hedifoni. Siri yake ni hii. Risset hakuteremsha mlio mmoja, aliteremsha mingi kwa pamoja, kila mmoja ukiwa na mitetemo mara mbili ya ule wa chini yake: tuseme 110, 220, 440, 880 na kuendelea. Ya katikati inasikika vizuri, ya pembeni ni hafifu. Ifikirie kama kwaya inayoteremka ngazi: aliye chini kabisa anafifia mpaka ananyamaza, na kule juu anaingia mwingine kwa mnong'ono, humwoni akiingia. Wa 880 akifika 440, aliyekuwa 440 yuko 220, na kwaya ni ile ile tuliyoanza nayo. Namba zinasema tumerudi pale pale. Sikio linasema bado tunaanguka. Mmarekani Roger Shepard alikwishaonyesha mwaka 1964 kwamba sikio hudanganyika hivyo kwa milio inayopanda ngazi kwa ngazi. Risset aliufanya mteremko uwe mmoja, usio na vidato.

Hapo ndipo fani na maudhui vinaposhikana. Hatia ya rubani haina sakafu. Mwandishi mvivu angetuandikia "aliteseka sana moyoni" mara kumi. Risset hasemi kitu, anakuangusha wewe.

Wapo watakaosema hizi ni kelele za mashine, hesabu na hisia wapi na wapi? Jamani, sisi ndio wa kusema hivyo? Malenga wetu wanahesabu mizani 16 katika mshororo, nane na nane, na watu wanalia. Hesabu haiui hisia. Kinachoua ni uvivu wa kutazama. Mlio wa kompyuta usiobadilika ni mkavu kama king'ora, na Risset alilijua hilo. Alipotaka kuunda sauti ya tarumbeta alichunguza tarumbeta halisi, akagundua kwamba mpulizaji akiongeza nguvu, ile milio ya juu iliyojificha ndani ya sauti huongezeka zaidi kuliko ya chini, na ndiyo inayoifanya ing'are. Alipoiga mabadiliko hayo, namba zikageuka tarumbeta. Wangapi kati yetu tumemchunguza kondakta wa daladala namna hiyo kabla ya kumtia kwenye hadithi?

Lakini sitaisifu kazi hii mpaka mwisho, maana kuna jambo linanikera. Anayeanguka hapa ni rubani. Yeye alirudi nyumbani. Waliokuwa chini, ambao kwa makadirio ya kawaida wapatao 140,000 walikuwa wamekufa ilipofika mwisho wa 1945, mimi sikuwasikia. Nimerudia sehemu zote tatu nikiwatafuta. Anguko lisilofika chini ni zuri kisanaa, ila bomu lile lilifika. Lilipasuka juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Mtu anaweza kunijibu kwamba tamthilia ilikuwa ya rubani, na jinamizi ni lake. Sawa. Hata hivyo, kuchagua nani aote ndoto ni uamuzi wa msanii, nasi tuna haki ya kuuhoji.

Kwa hiyo, wenzangu tunaochipukia, isikilizeni kazi hii, tena usiku, taa zikiwa zimezimwa. Ufundi wake uibeni bila aibu. Halafu kila mmoja ajiulize kuhusu mswada wake: nimempa nani maumivu, na nani nimemwacha chini hana sauti?