"Hati" Isiyo Hati: Maoni Juu ya Istilahi za Uchoraji kwa Kompyuta

Miongoni mwa orodha za istilahi zilizotufikia, imo moja ihusuyo uchoraji wa ramani kwa kompyuta, hasa zile programu fupi ambazo mchoraji huziandika mwenyewe ili zimsaidie kubadili maumbo. Kazi hii si ngeni duniani. AutoCAD ilitolewa mwaka 1982, na tangu mwaka 1986 imekuwa na lugha yake ya AutoLISP, iliyotokana na lugha ya Lisp ambayo John McCarthy aliibuni mwaka 1958. Mchoraji aliyechoka kurudia amri zile zile huziandika kwa mfuatano na kuupa mfuatano huo jina. Kisha hulitaja jina hilo moja tu, na amri zote zikatekelezwa. Mtungaji wa orodha anastahili pongezi kwa kulishughulikia jambo ambalo wengi wamelikwepa. Hata hivyo, pongezi hazituzuii kusema pale alipoteleza.

Istilahi haipimwi mezani peke yake. Kwa hiyo tuliichukua orodha hiyo hadi Lembeni, chini ya milima ya Upare, tukaisoma mbele ya mwalimu wa ufundi, mchoraji wa ramani za nyumba na wakulima wawili. Mchoraji ndiye aandikaye amri, lakini mkulima ndiye mwenye shamba linalochorwa. Neno lisilowafaa wote wawili halijakamilika.

(a) Hati. Orodha inaiita programu fupi ya aina hii "hati", na kutoa mfano: "Hati hii huhariri umbo la kiwanja." Mzee mmoja alipousikia mfano huo alituuliza: "Wanangu, hati ya shamba langu iko sandukuni, nimepewa na kijiji. Hii yenu inahariri nini kwangu?" Swali hilo halina mzaha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hati ya hakimiliki ya kimila ni ushahidi wa haki ya mtu juu ya ardhi yake. Kulichukua neno lenye uzito huo na kulipa maana ya pili katika ofisi ile ile ichorayo mipaka ni kualika mashaka. Mchoraji wetu alisema kwamba yeye na wenzake husema "skripti". Hatuoni sababu ya kulikataa. Reli ipitayo Lembeni haikungoja jina la Kibantu, wala shule hazikufungwa kwa kuwa neno lake lilitoka Ujerumani. Twapendekeza skripti, nayo ifafanuliwe kuwa "mfuatano wa amri ulioandikwa na kupewa jina".

(b) Pembe. Neno hili limetumiwa kwa maana mbili: uwazi unaopimwa kwa digrii, na mahali mistari miwili inapokutana. Ukiandika "ondoa pembe", msomaji hajui kama pembe inanyooshwa au nukta inafutwa. "Kipeo" nalo halitatufaa, kwani mwanafunzi amekwisha kufundishwa vipeo na vipeuo katika hesabu za namba. Pembe na ibaki kwa digrii. Mahali pa makutano paitwe kona, neno ambalo kila mtu analo mdomoni.

(c) Hariri. Hatuna ugomvi na neno hili likiwa kichwa cha fungu zima la amri. Ugomvi wetu ni kwamba orodha imelitwika kila kazi. Kiswahili kina sogeza, zungusha, kuza, kata, unganisha na geuza. Kila amri ipewe kitenzi chake.

(d) Rahisisha. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Skripti inayofuta baadhi ya kona ili umbo liwe jepesi, orodha inaiita "rahisisha umbo". Natuchukue mfano wa shamba la mita 40 kwa mita 30, ambalo upande wake mmoja wa mita 40 umesukumwa nje katikati kwa mita 4, kwa kufuata korongo. Eneo lake ni mita za mraba 1,280. Skripti ikiamriwa kufuta kila kona isiyozidi mita 5 kutoka mstari unaounganisha kona jirani zake, kona ya korongoni itafutwa, na eneo litakuwa mita za mraba 1,200. Mita za mraba 80 zimetoweka, na hakuna aliyezichukua! Neno "rahisisha" linasifu kazi na kuficha hasara. Twapendekeza punguza kona. Asomaye neno hilo atauliza mara moja: kona zipi, na kwa idhini ya nani?

Huenda mtu akasema kwamba maneno ya asili ya AutoLISP ni ya Kiingereza, hivyo mjadala huu ni wa bure. Si kweli. Maneno hayo hatuyagusi, lakini jina la amri mpya hutungwa na mwandishi wake, na maelezo anayoyatia kati ya mistari huweza kuwa ya lugha yoyote. Mchoraji wa Lembeni aweza leo kuiita amri yake PUNGUZAKONA, na kompyuta ikamtii.

Kwa muhtasari, kosa la orodha hii halikutokana na uvivu. Limetokana na kutafuta neno linalofanana na la kigeni kabla ya kuuliza kitendo chenyewe kinafanya nini, na kinamfanyia nani. Twashauri irejeshwe kwa mtungaji wake, isomwe tena mbele ya wachoraji na wapima ardhi, ndipo iletwe kusanifishwa. Wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi za ardhi wenye mapendekezo bora kuliko haya yetu, twayangojea.