Jibu moja, sababu mbili: protini zinachelewa kwa nini?

Aliyewahi kupanda gari ya Konde mkesha wa Sikukuu anajua: kutoka kiti cha nyuma hadi mlangoni ni safari nyengine. Unachelewa kwa nini? Pengine nafasi hakuna. Pengine kila unayempita anakushika mkono mnasalimiana. Au ukijisogeza kidogo, wote wanayumba pamoja nawe.

Ndani ya bakteria Escherichia coli mambo ndiyo hayo. Lita moja ya ute wake ina gramu 300 hadi 400 za protini na molekuli nyengine kubwa. Protini ya kijani inayong'aa husambaa humo polepole, kama mara 10 chini ya kasi yake kwenye maji matupu.

Mwaka 2010 Sean McGuffee na Adrian Elcock, wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliuiga ute huo kwenye kompyuta: aina 50 za molekuli, jumla yake kama 1,000. Kazi kubwa, naivulia kofia. Molekuli zilipozuiana kwa umbo tu, protini ya kijani ilikimbia mno. Walipoongeza mvuto baina yao, mwendo ukalingana na uliopimwa maabara.

Hapo ndipo ninaposita. Nguvu ya mvuto ule ilirekebishwa mpaka jibu likae sawa. Sasa, ukiigeuza mizani mpaka isome kilo unazozitaka, usiseme imekuthibitishia uzito. Kwa haki yao, waliipima modeli hiyo pia kwa uthabiti wa protini ndani ya seli. Lakini mwaka huohuo Tadashi Ando na Jeffrey Skolnick walikiweka walichokiacha wenzao: molekuli ikisogea husukuma maji, na maji husukuma majirani. Mwendo ukashuka karibu na uliopimwa, bila ya mvuto wowote.

Jibu moja, sababu mbili. Na tofauti si ndogo. Mvuto hutegemea uso wa protini ulivyo. Msukumo wa maji hutegemea zaidi ukubwa na umbo. Ukikosea sababu, utakisia vibaya mwendo wa protini inayofuata.

Nasema haya kwa sababu wengi wetu hatuna mashine za maabara, tuna kompyuta tu. Uigaji ni mlango wetu, basi tusiingie tumefumba macho. Ukioneshwa picha nzuri ya seli inayocheza, uliza kwanza: kipi humu kilipimwa, na kipi kilichaguliwa?