Kijineno cha Nyuma: Kusoma Vitenzi vya Kiingereza Kutoka Shimoni

Jina la Shimoni, kijiji cha pwani ya Kenya, ni somo zima la sarufi. Ile -ni iliyoganda mwishoni inataja mahali tu. Haisemi kama mtu anaingia, anatoka au amekaa. Unaweza kwenda Shimoni, kutoka Shimoni, kulala Shimoni, kupitia Shimoni, na jina lisitikisike hata herufi moja. Simulizi za kijiji kuhusu mapango yake ya matumbawe hutumia neno lilelile kwa hali mbili zinazopingana: watumwa waliingizwa pangoni, kisha wakatolewa pangoni kwenda kupakiwa majahazini. Mwelekeo umebebwa na kitenzi. Kiingereza hakina raha hiyo. Mara nyingi lazima kiseme "into" huku na "out of" kule, la sivyo msikilizaji hajui aliyetajwa yuko upande gani wa mlango.

Mwanaisimu Leonard Talmy, katika maandishi yake ya 1985, aliweka msingi wa kuzigawa lugha kwa kigezo hicho: zipo zinazotia njia ya mwendo ndani ya kitenzi, na zipo zinazoitoa nje na kuikabidhi kwa kijineno kinachoandama kitenzi, kama "in" au "up". Mgawanyo huu unaonekana vizuri kwenye gati la Shimoni, boti zinapoondoka na watalii kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite. Kiingereza cha kazi hiyo kimejaa "get in", "hold on", "jump in", "come up". Vitenzi vyenyewe ni vidogo, vingine karibu vitupu. "Get" peke yake haisemi mtu anaelekea wapi. Kiswahili cha boti hiyohiyo kina panda, shikilia, jitose, ibuka. Chukua hilo ibuka. Limebeba mwendo wa kwenda juu, na mara nyingi limebeba maji pia, kwa kuwa anayeibuka alikuwa amezama. Mwingereza wa botini anatumia maneno mawili, na bado maji hajayataja.

Hapo ndipo "take off" inapostahili kusomwa polepole. Shati mwilini, sufuria jikoni, ndege kiwanjani: Kiingereza kinatumia umbo hilohilo kwa vyote vitatu. Sisi shati tunalivua, sufuria tunaiepua, ndege inapaa. Nguo zilizokauka kambani tunazianua, nazi tunaziangua, mzigo garini tunaupakua, na huko Kiingereza hubadilisha tu mkia, "take in", "take down", "take out", kitenzi kikibaki palepale. Mgeni akiziona vua, epua, anua, angua na pakua anaweza kudhani ni msamiati mwingi wa bure. Lakini sikiliza miisho yake. Vaa na vua, anika na anua, angika na angua, pakia na pakua: ni ile -u- ya kutengua, inayogeuza tendo kinyumenyume. Kwa hiyo kazi inayofanywa na "off" si ngeni kwetu. Kiswahili kimekimeza kijineno, Kiingereza kimekiacha nje.

Shuleni vitenzi hivi vya Kiingereza hufundishwa kwa orodha: "take off", "take on", "take over", "take up", kila kimoja na maana yake, mwanafunzi akariri kwa ajili ya karatasi ya mtihani wa KCSE. Sioni njia mbaya kuliko hiyo. Inapanga vitu kwa upande wa kitenzi, uliokuwa mtupu tangu mwanzo. Ukipanga kwa kijineno, mambo yanaanza kuonekana. "Off" mara nyingi ni kuachana: nguo na mwili, ndege na ardhi. "Up" katika "eat up", "use up" na "dry up" haipandi popote. Inasema tendo limefika mwisho, chakula hakikubaki, kisima kimekauka kabisa. Vipo vikaidi, nakubali. "Put up with" haifunguki kwa ufunguo wowote ninaoujua, na hivyo ndivyo vya kukariri.

Kenya imeshalichukua suala hili mikononi mwake. Watu husema "I'll pick you" bila "up", na wasikilizaji hawaoni pengo, maana anayesikia "pick" kama kuchukua au kuokota ameshapata tendo kamili. Maelezo hayo yangenitosha kama wasemaji haohao wasingesema "cope up with", ambako "up" imeongezwa pasipohitajika. Mara wanakata mkia, mara wanaunga mwingine. Huenda wamehisi kwamba kijineno hicho ni alama ya kukamilisha, wakakitia hata kwenye kitenzi ambacho hakikukiomba.

Mtihani wa kweli wa umbo hili uko kwenye kiwakilishi. "Throw it away" inasimama, "throw away it" inaanguka, na hakuna orodha ya maana inayoeleza kwa nini. Kiswahili kina mtihani wake. Tunasema nimelipiga pasi shati, na ile li- ni ya shati; pasi haipati kiambishi, kwa sababu imeshakuwa sehemu ya kitenzi. Vivyo hivyo mahakama inapoitupilia mbali kesi. Hiyo mbali haina kilomita ndani yake, inafanya kazi ya "up" ya kumaliza, nayo imekaa nyuma ya kitenzi, nje, kama ilivyo kwa Waingereza. Tofauti ni kwamba i- ya kesi imetangulia mbele ya mzizi, ilhali Mwingereza anaipachika "it" katikati: "throw it out". Anayesikia habari za mahakama redioni amelizoea umbo hili kwa miaka. Kinachobaki ni kujua vitenzi vipi huruhusu kupasuliwa na vipi hukataa. "Look up" ya kamusi hupasuliwa, "look it up". "Look after" haipasuliwi hata ukiibembeleza: mtoto anakuja mwishoni, "look after her", kijineno kikiwa kimeng'ang'ania kitenzi chake.