Dera la Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Mama wa Mombasa anayempeleka mtoto shule huwa keshapika, keshaogesha, keshatafuta soksi iliyopotea, na kabla ya saa moja anatakiwa awe langoni. Katikati ya hayo yote hapati nafasi ya kusimama mbele ya kabati na kuchagua. Anavaa dera. Linaingia kwa kichwa, halina vifungo, halibani, linamfunika mpaka chini, na hata likivaliwa juu ya nguo ya kulalia hakuna atakayejua. Anajitanda leso, anamshika mtoto mkono, safari inaanza.

Wakifika langoni, wengi hubaki ndani ya tuktuk wakimwangalia mtoto akiingia peke yake. Dera limeshatiwa katika kundi la nguo za nyumbani, na mama anayetaka kuzungumza na mwalimu huona haya kama aliyetoka hajajiandaa. Hukumu hiyo siikubali. Sura ya kitandani hailetwi na kitambaa wala maua yake. Inaletwa na ushonaji: bega linaloteleza, pindo linaloburura, upana usio na kazi, na ukosefu wa mfuko unaomfanya mama atembee na simu mkononi na funguo mdomoni. Yote hayo fundi mwenye cherehani ya kawaida anaweza kuyarekebisha asubuhi moja, na hapa nitachambua dera moja lililorekebishwa hivyo katika uchochoro karibu na Mtaa wa Biashara.

Tuanze na dera linavyotoka dukani, maana wengi tunalivaa bila kulitazama. Ni kipande kimoja kirefu cha kitambaa chepesi kilichokunjwa begani, ndugu wa karibu wa diraci ya Wasomali. Katikati ya mkunjo panatobolewa shingo. Halafu inapigwa mishono miwili ya wima, kulia na kushoto, lakini si ukingoni kabisa. Inaingia ndani kidogo, ili kitambaa kinachobaki nje kiwe mbawa. Juu, mbawa hizo ndizo mikono. Chini hazina kazi yoyote isipokuwa kupepea. Ndiyo maana dera halina saizi, linamkaa mwembamba na mnene, na ndiyo maana halimkai yeyote sawasawa.

Fundi alianza na mbawa. Alimvalisha mama dera, akamwambia anyooshe mikono, akatia pini pale mkono unapoishia kuhitaji kitambaa, kama shibiri moja chini ya kwapa. Kutoka pini hiyo kushuka, alikata mbawa zote mbili, akashona kingo zisifumuke. Juu ya pini hakugusa kitu. Matokeo yake ni kwamba mikono imebaki na ule mwanguko wa dera unaopendeza, lakini sketi imepungua mpaka mzunguko wa pindo ukawa kama sentimita 180. Kipimo hicho kina sababu. Gauni la kufika kifundoni likiwa jembamba mno humlazimisha mvaaji apige hatua fupi, na mtoto wa darasa la kwanza aliyechelewa hangoji hatua fupi. Likiwa pana mno, upepo wa baharini hulijaza. Sentimita 180 zinamtosha mama kupanda tuktuk kwa hatua moja bila kushika nguo na bila kuhitaji mpasuo pembeni.

Upo usalama pia, nao nauweka mbele ya urembo. Nguo ndefu kunaswa na spoku au mnyororo wa bodaboda ni hatari inayojulikana mji mzima, na kinachonaswa kwanza ni kile kinachoning'inia upande. Mama anayekaa ubavu huku mtoto yuko katikati yake na dereva hana mkono wa ziada wa kukusanya mbawa. Mkasi uliopita pale ulifanya kazi kubwa kuliko yoyote iliyofuata.

Urefu ndio uliohitaji akili zaidi. Njia rahisi ni kukata chini na kupinda upya, na mafundi wengi hufanya hivyo kwa sababu ni dakika kumi. Lakini dera zuri limechorwa kama leso ilivyochorwa: lina mji, yaani sehemu ya katikati, na lina pindo. Hakuna mwanamke wa Pwani atakayekata pindo la leso yake ili imtoshe. Leso yenye upana wa sentimita 150 na kimo cha 110 hivi hukatwa kutoka kwa mwenziwe, ikapindwa kingo, basi. Dera likikatwa chini, ile mikufu ya maua iliyopangwa kuzunguka miguu inaondoka, na nguo inabaki kama kitambaa kilichoisha kabla ya wakati. Jicho la mtu huliona kosa hilo hata kama hajui kulitaja.

Kwa hiyo fundi alipunguza urefu kiunoni. Alikunja kitambaa kuelekea ndani, mkunjo wa sentimita 4 unaozunguka mwili wote, akaupiga mshono kwenye shina lake. Mkunjo wa sentimita 4 unakula sentimita 8 za urefu, kwa kuwa kitambaa kinakwenda na kurudi. Pindo likapanda kutoka sakafuni mpaka kwenye mfupa wa kifundo, na maua yake yote yapo. Kwa mama anayevuka Likoni kila asubuhi, mahali ambapo njia ya kuingilia feri huwa imelowa maji ya chumvi, sentimita nane hizo ndizo tofauti kati ya kufika na nguo kavu na kufika na nguo iliyonyonya maji mpaka magotini.

Mkunjo ule, ukishapigwa mshono, unakuwa mfereji. Fundi alipitisha lastiki ya nusu inchi ndani yake, upande wa nyuma tu, akaishikiza kwenye mishono ya ubavuni. Mbele kitambaa kinaanguka wima bila mikunjokunjo, nyuma kinajikusanya kidogo na kuonyesha kwamba kuna kiuno. Mbele pakivutwa pia, tumbo litakuwa limefungwa kama gunia. Pakiachwa wazi, nguo inapata umbo bila kumchora mtu. Na kwa kuwa lastiki hunyumbuka, dera hilo litamfaa mama akiwa na mimba ya miezi mitano, na baada ya hapo mshono wa mkunjo unaweza kufumuliwa, urefu ukarudi wote kama ulivyokuwa dukani. Sijaona marekebisho mengine ya gauni yanayotoa kiasi hicho bila kukata uzi hata mmoja wa kitambaa.

Mfuko nao ulitegemea mkunjo huohuo. Bibi zetu walifunga pesa kwenye pembe ya leso, na fundo lile lilitosha kwa sarafu na noti mbili. Simu ya siku hizi haifungiki. Ukiitia kwenye mfuko ulioshonwa moja kwa moja kwenye mshono wa ubavu wa dera, kitambaa chepesi kinavutwa, pindo linashuka upande mmoja, na baada ya wiki chache mshono unaanza kuonyesha matundu ya sindano. Fundi alikata mfuko kutoka kitambaa kizito cha pamba, akaacha mdomo wa sentimita 16 kwenye mshono wa ubavu, vidole vitatu chini ya kiuno. Kisha akaurefusha mfuko kwa juu na kuushonea kwenye mkunjo. Uzito wa simu sasa unabebwa na mkunjo na lastiki, yaani na kiuno cha mvaaji. Kitambaa cha nje hakivutwi na kitu. Alitia zipu fupi mdomoni, kwa sababu foleni ya matatu ni foleni ya matatu.

Juu kulikuwa na kazi ndogo lakini inayoonekana kuliko zote. Shingo ya dera la dukani ni pana ili kichwa chochote kipite, na mama akiinama kufunga kamba za viatu vya mtoto, mbele panafunguka. Fundi alimwinamisha hasa, akatazama, akatia pini. Alikunja rinda moja dogo kila bega, kutoka shingoni kuelekea kifuani, akaliachia wazi linapofika kifua ili nafasi isipungue. Ndani ya kila bega alishonea utepe wa pamba, kuanzia shingo hadi mfupa wa bega. Dera halina mshono begani, ni mkunjo mtupu wa kitambaa, na kitambaa chepesi kisicho na mshono hulegea na kuteleza; utepe unakizuia. Ukimtazama mama huyo kwa mbali baada ya rinda lile, unaona mtu aliyevaa gauni la kutokea. Bega likikaa mahali pake, mwili wote unaonekana umejipanga.

Kitambaa chenyewe kilichaguliwa kabla ya mkasi, na hapa wauzaji hawasaidii sana, maana kila kitu kwao ni pamba. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu. Viskosi, ile inayoanguka vizuri na kung'aa kidogo, huungua kama pamba, kwa hiyo moto hautoshi. Lowesha uzi na uuvute. Wa viskosi ukilowa hukatika upesi, wa pamba hauna udhaifu huo. Tofauti hizi zina maana kwa mama wa asubuhi. Polista inakauka haraka na haihitaji pasi, faida kubwa siku umeme ukikatika, lakini hainyonyi jasho, na kwenye unyevu wa Mombasa inagandia mgongoni kabla mtu hajafika barabarani. Viskosi ni baridi mwilini na nzuri machoni, ila haivumilii kusuguliwa na kusokotwa kwenye beseni. Pamba inanyonya jasho na inavumilia kufuliwa, gharama yake ni pasi.

Mama huyu alichukua viskosi yenye maua madogo ya kusongamana juu ya zambarau iliyoiva, na petikoti ya pamba ndani. Naona alichagua vyema. Maua ya kusongamana yanaficha tone la uji na alama za vidole vya mtoto. Rangi iliyoiva haionyeshi jasho kama inavyoonyesha kijivu au samawati mpauko. Petikoti ya pamba inapokea jasho kabla halijafika nje, na inazuia gauni kushika miguu. Kinachobaki ni nidhamu ya kufua: maji baridi, kukamua kwa kubana bila kusokota, kuanika kivulini.

Leso haikuachwa. Kuna wanaodhani dera likishapambwa namna hii leso ni ya ziada, nami nawapinga. Mombasa ni mji wa leso; duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, lilianza hapa 1887, na hadi leo mama hatoki bila leso kwa sababu hakuna nguo nyingine inayofanya kazi nyingi kiasi hicho. Inakuwa mtandio, inakuwa kivuli cha mtoto kituoni, inafuta pua, inatandikwa kwenye kiti kilicholowa. Kilichobadilika ni namna ya kuivaa. Juu ya dera pana, leso ilifungwa kiunoni ili kukusanya upana. Sasa upana umekwisha kukusanywa, leso inapanda mabegani, na umbo alilolitengeneza fundi halifunikwi.

Mbawa zilizokatwa hazikutupwa pia. Zilitoa ukanda wa mdomo wa mfuko, na kipande kirefu cha kufungia nywele za binti.

Jambo moja bado halijapata jawabu, nalo ni la mama anayenyonyesha. Wengi wanaompeleka mkubwa shule wamembeba mdogo, na dera la shingo pana, kwa ubaya wake wote, lilikuwa linawafaa: unavuta chini, mtoto ananyonya, leso inafunika. Rinda la begani limewafungia njia hiyo. Fundi anajaribu kuficha zipu mbili za wima ndani ya mishono ya ubavuni, kutoka kwapani hadi kwenye mkunjo. Jaribio la kwanza lilikwaruza ngozi ya mtoto. Katika la pili ameifunika zipu kwa ulimi wa pamba upande wa ndani, na meno ya zipu ni ya plastiki laini. Inafunguka kwa mkono mmoja, lakini kwa sasa inafanya kitambaa chepesi kijikunje ubavuni kama kimevutwa. Anafikiri kuongeza ukanda mwembamba wa kitambaa kigumu nyuma ya zipu kabla ya kuishona.